Eda ya Mjane wa Gazetini

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika kalamu. Nilishika nyaya za simu. Niliajiriwa kuwa opereta wa swichibodi katika hoteli moja ya Diani, nao ulikuwa ubao mkubwa wenye matundu, na kila tundu lilikuwa chumba cha mgeni au laini ya nje. Mgeni akitaka kuzungumza na kwao Ulaya, au mpishi akitaka kumpigia mkewe bara, sharti apite mikononi mwangu kwanza. Meneja wa Mapokezi, mtu wa Kisauni aliyekuwa na tai moja tu na akiipenda kuliko watoto wake, alinikalisha kitini akanipa sheria ya kazi. "Riziki," akasema, "hapa masikio yafanye kazi na kumbukumbu ilale."

Masikio yalifanya kazi. Kumbukumbu ilikataa katakata kulala, na ndiyo sababu nikawa mtunzi wa hadithi za mapenzi.

Nyinyi vijana mnaokuja kuniuliza hadithi zangu zilitoka wapi, huwa naona mnavyotazama baharini kabla sijajibu. Mwadhani mtunzi wa mapenzi huketi ufuoni akahesabu mawimbi. Ufuo nilikuwa nao miaka yote, nyuma ya jiko la hoteli, na sikuupata hata mstari mmoja huko. Niliambulia mchanga viatuni. Hadithi zangu zilitoka kwenye ule ubao. Kulikuwa na mpishi mmoja wa Taita ambaye kila mwisho wa mwezi alimpigia mkewe, na kila mara alianza kwa kumwulizia mbuzi. Mbuzi hajambo? Amezaa? Anakula? Nami nilikuwa nikisubiri kuhakikisha laini imeshika, nikisikia sauti ya yule bwana ikilainika polepole, mpaka ikawa si sauti ya mtu anayemwulizia mbuzi tena. Moyo ulinidunda kana kwamba mimi ndiye mke. Nikajifunza siku hiyo kwamba mapenzi hayapiti mlango wa mbele. Hupitia kwa mbuzi.

Kwa hiyo nikajizoeza kuandika sauti kwanza na sura baadaye. Hata nilipozeeka katika kazi hii sikubadili. Niliandika mazungumzo ya watu wawili ambao siwajui majina wala umri, nikayaacha usiku mmoja, na asubuhi baada ya sala ya alfajiri nikayasoma tena nione kama nawatambua. Nikiwatambua, nawapa majina, nyumba na jamaa. Nisipowatambua, karatasi naiwashia moto wa chai. Niliandika kwa penseli, kwa sababu wino hukufanya ujione umemaliza.

Hadithi yangu ya kwanza niliipeleka mwenyewe Mombasa, kwenye gazeti dogo la kila wiki ambalo siku hizi halipo. Nilivuka feri nikiwa nimeikumbatia bahasha kama mtoto mchanga. Mhariri Mkuu, bwana mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, alisoma kurasa mbili akiwa amesimama, wa tatu akaketi. Alipomaliza aliniuliza kama nimewahi kupenda. Nikamwambia aniulize kama nimewahi kusikiliza. Akacheka mpaka miwani ikamtoka, akanipa ukurasa wa saba.

Ukurasa wa saba ulikuwa wa hadithi ya mfululizo, yaani hadithi inayotoka kipande kwa kipande kila wiki. Kazi hiyo ina ufundi wake. Kila kipande lazima kiishe kwa kile alichokiita Mhariri Mkuu ndoana: jambo linalomnasa msomaji asipumue mpaka wiki ijayo. Mlango unabishwa hodi na hatujui nani. Barua inafunguliwa na hatujui imesema nini. Nilizipenda ndoana mno. Nilizitupa kila wiki kwa furaha ya mchawi, na nikienda sokoni Ukunda niliwasikia watu wakinilaani kwa majina mazuri.

Kisha zikaja zile vurugu za Likoni na wageni wakatukimbia. Hoteli ikapunguza watu, na opereta wa kwanza kupunguzwa nikawa mimi. Nikafunga mizigo nikaenda Munje, upande wa Msambweni, kwa dada mkubwa wa mama yangu, Bi Nimwaka. Sikulia. Nilikuwa na ukurasa wa saba, na hofu iliyochanganyika na furaha ya kuwa sasa mimi ni mtunzi na si kitu kingine.

Sikujua kwamba naenda chuo kikuu. Bi Nimwaka alikuwa kiongozi wa akina mama wasuka makuti, wale wanaokunja majani ya mnazi juu ya kijiti na kuyashona kwa kamba yawe ya kuezekea. Hoteli zilizokosa wageni ziliona nafasi nzuri ya kuezeka upya, kwa hiyo kazi ilikuwepo. Alhamisi moja aliniambia nisikae bure, niwasomee wanachosubiri watu wa mjini. Nikawasomea kipande kabla hakijaenda gazetini. Nikagundua kipimo ambacho sijaona kingine mfano wake. Mikono ya wasukaji ikiendelea kwenda, kipande hakifai. Ikipungua kasi, kuna tumaini. Ikisimama, nifunge bahasha. Wanawake wale hawakunisifu hata siku moja, wala sikuhitaji. Nilitazama mikono.

Tulikuwa tukikutana uani kwa Mejumaa. Mejumaa alikuwa mwanamke wa umri wangu, mrefu, mwenye ulimi mwepesi wa mzaha, na mumewe alikuwa amefariki kwa maradhi muda mfupi kabla sijafika. Alikuwa katika eda, miezi minne na siku kumi za mjane kukaa nyumbani pake, bila pambo wala manukato, bila mtu kumletea posa. Wenziwe wakaihamishia kazi uani pake asikae mpweke. Na sadfa ikawa hii: katika hadithi yangu, mume wa mwanamke mmoja aitwaye Saumu naye alikufa. Nilimwua kwa sababu za kazi. Alikuwa mume asiye na faida, na jirani yao, fundi cherehani aitwaye Idi, alikuwa amesubiri mno.

Wiki zikapita. Nikaona sasa wakati umefika. Nikaandika kipande kinachoanza kwa maneno "Mwaka ukapita", Idi akaja na wazee wake kumposa Saumu, ndoana ikawa mlango uliofunguliwa. Nilikiandika kwa raha isiyo na kifani. Mhariri Mkuu alikuwa amekwisha kuwatangazia wasomaji kwamba posa i njiani. Alhamisi nikaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, nikasoma kwa sauti yangu nzuri ya simu.

Mikono ilisimama palepale, kwenye lile neno mwaka. Nikafurahi. Kisha nikainua macho nikaona si kusimama kule nilikokuzoea. Mejumaa aliweka kuti lake chini taratibu.

"Tuliingia pamoja," akasema. "Naye ametoka, akaniacha ndani."

Akainuka akaingia nyumbani. Nilijaribu kumweleza Bi Nimwaka kwamba katika hadithi mwaka ni neno moja tu, mtunzi huuvuka kama mtu anavyovuka kizingiti. Akanisikiliza kwa subira, kisha akaniambia kwamba wao hawana mwaka wa aina hiyo. Saumu alifiwa gazetini, nao walihesabu eda yake kwa gazeti, toleo baada ya toleo, kama walivyohesabu ya Mejumaa. Hata mwezi haukuwa baina ya misiba hiyo miwili. "Yule dada yenu mwamtoa kabla ya siku zake, mwanangu," akasema, "na huyu aliye humu ndani alikuwa akijipa moyo kwamba wako wawili."

Sikulala vizuri, nawaambia kweli. Lakini asubuhi niliamka nimechangamka kupita kiasi, kwani nilikuwa nimeelewa jambo ambalo hakuna mhariri aliyewahi kuniambia: kuna mtu anayeishi ndani ya hadithi yangu, kwa saa zake mwenyewe. Nikavuka feri nikamwambia Mhariri Mkuu kwamba posa haipo. Saumu angekaa eda yake yote, wiki kwa wiki, kama mtu wa nyama na damu.

Alikasirika, akanitolea yale macho ya juu ya miwani. Alisema ameshawaahidi watu posa, na sasa nataka kuwapa mwanamke aliyekaa. "Bi Riziki, msomaji hatoi senti yake kumtazama mtu amekaa." Nikamwambia atatazama. Akasema barua za wasomaji zikipungua, atamkatia Saumu hadithi siku hiyohiyo, awe ndani ama nje. Nikakubali. Nilitoka pale nikijua kwamba hadithi ikikatwa, Mejumaa angebaki peke yake katika eda ile, na mimi ndiye niliyempa mwenzake.

Sasa hapa ndipo kazi ilipokuwa tamu, na wenye nia ya kuandika mapenzi wasogee karibu. Nilikuwa na mwanamke asiyeweza kutoka na mwanamume asiyeruhusiwa kusema. Ndoana zangu zote zilikufa. Hakuna hodi, hakuna barua, hakuna posa. Lakini nilisoma chuo cha Kurani nilipokuwa mdogo, na nilikumbuka tuliyofundishwa: mjane aliye edani haposwi waziwazi, lakini ishara haina neno. Mtu anaweza kusema maneno yanayopita kando, mwenye kuelewa akaelewa. Niliruka juu, wallahi. Dini yenyewe ilikuwa imenipa ufundi wa riwaya.

Basi nikamkalisha Idi kwenye cherehani yake, ukuta mmoja na Saumu. Akikohoa Saumu, cherehani inasimama. Akiacha kukohoa, inaendelea. Kipande kizima kilikuwa hicho tu, na uani mikono ilisimama mpaka kuku wakaja kutembea juu ya makuti. Wiki nyingine Idi alizungumza na kaka yake Saumu ukumbini, kwa sauti ya kusikika mpaka ndani: kuna nguo moja anaishona bila haraka, kwani mwenye kuivaa bado hajawa tayari, naye hatompa mwingine. Nilipoisoma hiyo, Mejumaa, aliyekwisha kurudi kwenye kazi kana kwamba hapakuwa na lolote, alisema tu, "Huyu mwanamume ana adabu." Na mimi nikajua nimepona.

Barua hazikupungua. Zilizidi. Madereva wa malori waliokuwa wakipumzika Mackinnon Road waliandika kwamba hoteli ya chai imegawanyika, upande mmoja wanamtaka Idi avumilie na upande mwingine wanaona anawadhalilisha wanaume. Kijana mmoja wa baa ya Ukunda, mtu wa bara, alinisimamisha barabarani akaniambia, "Madam, si huyo jamaa amchapie tu, amwambie anamtaka, aone? Mbona anazunguka hivyo?" Nikamwambia angoje. Akasema hiyo kungoja inammaliza.

Halafu likatokea ambalo sikulitunga. Mnunuzi wa makuti alikuwa Fundi Bakari, mwezekaji mapaa wa Diani, mjane naye, mkewe amefariki miaka mingi. Alikuwa akija kuchukua mzigo, anasimama nje ya ua, anazungumza na Bi Nimwaka, na Mejumaa anakaa upande wa ndani asionekane. Siku moja, mvua zile kubwa zikiwa zimeanza, Fundi Bakari alimaliza kupakia kisha akasimama. "Bi Nimwaka," akasema, na sauti ilipanda zaidi ya haja, "makuti ya ua huu msinichanganyie na ya hoteli. Yawekeni kando. Nyumba yangu inavuja, nami sitaki kuiezeka kwa mengine."

Uani mikono yote ilisimama, na safari hii sikuwa nimesoma kitu. Mejumaa aliinamia kuti lake, lakini niliona shavu limetuna kwa tabasamu. Bi Nimwaka alimjibu yule fundi kwa utulivu mkubwa kwamba makuti mabichi hayaezekwi, angoje yakauke. Akasema atangoja, akaenda zake mvuani. Nilikimbia nyumbani kuandika na nilijikwaa mara kadhaa njiani.

Eda ya Mejumaa ikaisha. Alioga, akavaa kanga mpya, akatoka kuwaamkia wazee. Haikupita muda, Fundi Bakari akatuma washenga, wazee wawili wa kijiji cha Waa wenye kanzu nyeupe, kwa kaka yake Mejumaa aliyemsimamia. Kila mtu alijua jibu. Lakini Mejumaa alimwambia kaka yake washenga wangoje. Wangoje nini? Wangoje Saumu naye atoke. Wiki chache tu zimebaki, alisema, na hawezi kumwacha mwenzake ndani baada ya kukaa naye muda wote ule. Kaka yake alinijia mbio, jasho linamtoka. "Dada Riziki, malizia hadithi yako, tafadhali. Wazee wa watu wanarudi bila jibu kwa sababu ya gazeti."

Na wiki hiyohiyo Mhariri Mkuu akaniita. Mwenye gazeti alikuwa amepata tangazo la kujaza ukurasa wa saba wote. Hadithi ikatwe, niandike mistari michache ya tamati. Nilimwambia haiwezekani, siku zake hazijatimia. Akaniuliza kwa ukali ni siku gani hizo, za mwanamke asiyekuwepo. Ndipo nikamsimulia yote, kuanzia kuti lililowekwa chini hadi washenga wa Waa. Alivua miwani akaifuta kwa shati muda mrefu.

"Kuna mtu Munje hataki kuolewa mpaka Saumu atoke?"

"Yuko, bwana."

"Basi tangazo litakaa juu na wewe chini," akasema. "Nusu ukurasa, mpaka atoke. Mwenye gazeti niachie mimi."

Nusu ukurasa kwa wiki zilizobaki. Sijawahi kuandika vizuri namna ile kabla wala baada. Palipo na nafasi ndogo, kila neno linajua kwa nini limekuja. Na siku ya kipande cha mwisho, niliposhika njia ya kwenda uani, niliwakuta wale washenga wawili wameketi barazani, kanzu zimenyooka, fimbo mikononi. Kaka yake Mejumaa aliwaambia kwa aibu kwamba jibu litakuja baada ya kusomwa hadithi. Wazee wale, ambao nadhani hawakuwahi kusikia hadithi ya mapenzi tangu kuzaliwa kwao, waliketi kusikiliza kwa sababu hawakuwa na njia nyingine.

Nilisoma. Saumu ametoka edani, ameoga, amevaa. Wazee wa Idi wamefika. Kaka yake amemwuliza: wamridhia huyu bwana? Na hapo nikaweka sentensi niliyoitengeneza kwa majuma, niliyoipenda kuliko zote nilizowahi kuandika: Saumu aliinamisha macho, asitamke neno, na ukimya wake ukasema yote. Tamati.

Mikono ilisimama. Nje mshenga mkubwa alikohoa. "Kwa hiyo yule binti amekubali?" akauliza.

"Amekubali, baba," nikamjibu.

"Hajakubali," akasema Mejumaa.

Tukamgeukia sote. Hakuwa na hasira. Alikuwa akinitazama kama mtu anayemsaidia mwenziwe kuvuka kijito. "Msichana akinyamaza, ni ridhaa yake," akasema. "Mjane hunena mwenyewe. Ukimya wake haumfungi mtu. Amekaa siku zote zile, Riziki, halafu wewe wamnyima neno lake?"

Kisha akasimama, akajifunika kanga vizuri, akasogea mpaka karibu na mlango wa ua wasikie walioketi barazani. "Wazee wangu, shikamooni. Mwambieni Fundi Bakari kwamba mimi Mejumaa nimemridhia. Nimesema kwa kinywa changu, nanyi mmesikia."

Vigelegele vilipasuka mpaka wapita njia wakasimama. Yule mshenga mkubwa aliitikia marahaba kwa sauti iliyokatika katikati, na mimi, badala ya kupiga kigelegele, nilikuwa nimepiga magoti juu ya makuti, penseli mkononi, nikiikata ile sentensi yangu nzuri na kumwandikia Saumu maneno yake.

Baada ya hapo niliandika riwaya nyingi, nyingine zikachapishwa vitabu, chini ya wahariri wa kila namna, wakali na wapole. Sasa nimestaafu. Macho hayavumilii tena kurasa ndefu, na penseli nimewaachia wajukuu wachore punda. Vijana huja na kazi zao wanisomee barazani, na mimi husikiliza kwa furaha ileile ya ubao wa simu, kwa maana bado sijashiba mapenzi ya watu. Wana lugha nzuri, wengine kuliko mimi. Lakini wakifika pale ambapo mwanamke ameulizwa, naye akainamisha macho, akatabasamu, upepo ukavuma na kitabu kikaisha, huwainulia mkono wasimame.

"Ngoja kwanza," nawaambia. "Yeye alisema nini?"